Vipimo vya Saa Tano

Mama yangu,

Shikamoo. Kabla sijasema lolote tafuta kiti ukae, maana barua hii ni ndefu na goti lako halijawahi kupenda habari ndefu. Ile dawa ya kuchua niliyokutumia imesaidia, au umempa jirani kama ulivyofanya na ya kwanza? Kikohozi cha Baba mdogo kimepoa? Na Kaka, bado analala mpaka jua limvute mguu, au amepata kibarua? Mimi mwili wangu ni mzima. Nakula, nalala, naenda kazini. Nimesema mwili kwa makusudi.

Salamu zako nimezipata, pamoja na habari ya sanduku jekundu lenye magurudumu mlilonunulia safari yangu ya nje, na jinsi wanawake wa kikundi chenu wanavyokuja kuliangalia mmoja mmoja kama wamekuja kuona mtoto mchanga. Nimeambiwa Shangazi ameuliza kama yeye hawezi kukunjwa humo ndani, kwa kuwa ni mwembamba na hali chakula kingi. Nilicheka, Mama, kisha nikachukua kalamu. Simu sikupiga. Kwenye simu ungeniita lile jina langu la utotoni, nami ningekuambia mambo yote ni shwari.

Unaikumbuka wodi yetu ya wazazi. Mwaka juzi ulisimama mlangoni, ukanusa, ukasema wamebadilisha sabuni. Wakati ule tulikuwa wauguzi kumi na mmoja. Leo tuko wanne kwa vitanda thelathini na viwili, na vitanda vingine vina watu wawili, kichwa huku, miguu kule. Saba wameondoka kwenda nje ndani ya miezi kumi na minne. Kila aliyeondoka tulimkatia keki kwenye chumba cha chai, Metroni akatoa hotuba yake ileile kwamba ndege hazuiwi kuruka, tukapiga makofi, kisha tukarudi wodini kugawana vitanda vya aliyeruka.

Usidhani nawalaumu. Mshahara wa mwezi wa pili uliingia mwezi wa tano. Mwenzetu mmoja alikuwa anakuja zamu na watoto wake wawili, anawalaza chini ya meza ya dawa, kwa sababu mwenye nyumba alikuwa ametia kufuli lake juu ya kufuli lao. Mtu kama huyo akiondoka, anayetaka kumnyooshea kidole na aanze kwa kumlipia pango. Kinachonitia kinyaa ni kitu kingine, na nilichelewa kukiona kwa kuwa nilikuwa ndani yake mpaka shingoni. Tulianza kuondoka tukiwa bado hapa.

Kuna mwenzangu tunamwita Viza, kwa sababu hana neno jingine mdomoni. Mtihani wa huko nje unataka nesi ajitambulishe kwa mgonjwa, amuulize jina, asome mkanda wa mkononi, aombe ruhusa kabla ya kumgusa. Viza akawa anafanya mazoezi kwa wagonjwa wetu. Asubuhi moja alimwinamia mama wa mapacha wa kitanda cha mlangoni, akajitambulisha kwa sauti ya asali, akauliza kama angependa kuitwa kwa jina gani. Yule mama akamtazama juu mpaka chini, akamuuliza ameota ndoto gani, maana jana yake alimwita "wewe wa mlangoni, geuka!" Wodi nzima ilivunjika mbavu. Viza naye akacheka, akamwambia avumilie tu mpaka tarehe ishirini, mtihani ukipita atamrudishia nesi wake wa zamani. Na kweli alimrudishia.

Wakala anayetutafutia kazi za nje naye akawa anaingia wodini kama kwake. Ni mtu anayenukia kabla hajafika. Hukaa kwenye ukingo wa kitanda cha mgonjwa, hutupiga picha, na kama chuma cha dripu kinaharibu picha husema kisogezwe. Siku moja alitwambia huko tunakokwenda wazee wanatungoja kwa hamu kubwa. Mgonjwa mmoja akajibu kutoka nyuma yake kwamba hata hapa wapo wanaotungoja, tena tangu alfajiri, tena mmoja anataka chombo cha kukojolea. Sote tulicheka tena. Sasa nikikumbuka jinsi tulivyokuwa tunacheka, nasikia mate machungu.

Mama, wewe ulipiga deki hospitali miaka kumi na minane, lakini sidhani kama kuna aliyekueleza maana ya zile karatasi zinazoning'inia miguuni pa vitanda. Mtu akitoka kwenye upasuaji anapaswa kupimwa kila saa: presha, mapigo ya moyo, joto. Unapima, unaandika, unatia sahihi. Wauguzi wawili wa zamu hawawezi kuwapima watu wale wote kila saa, hata wangekuwa na magurudumu. Kwa hiyo tunapika. Kupika ni kuandika vipimo ambavyo hukupima, wakati mwingine hata saa yenyewe haijafika.

Kupika kuna ufundi wake. Usirudie namba. Usiandike namba inayoishia na sifuri mara mbili mfululizo, maana ukweli hauna adabu kiasi hicho. Joto lipandishe kidogo mchana. Badilisha kalamu. Viza hupika kama mtu anayekimbiza basi, vitanda vyote presha moja, utadhani wamezaliwa tumbo moja. Mimi, Mama, ni mpishi mzuri. Chati zangu zinapumua.

Siku ya usaili wangu nilikuwa zamu ya asubuhi, mimi na Viza tu, pamoja na mhudumu wa wodi tunayemwita Mama Pole. Huyo ulikutana naye. Ndiye yule anayeviambia pole hata vitanda akivigonga na ndoo. Ulipokuja mliwekeana viganja mkalinganisha nyufa za sabuni, mkabishana hospitali ya nani ilikuwa na sabuni kali zaidi. Alikuwa na miaka ishirini na miwili kazini, na miwili imebaki astaafu.

Wale watu wa huko walipanga kuniona kwa simu ya video saa nne na nusu. Mtandao unashika vizuri mahali pamoja tu, stoo ya mashuka. Saa nne nilizunguka kitanda kwa kitanda nikapima kwelikweli. Kitanda cha tisa alikuwepo binti mmoja msusi, miaka ishirini na miwili, mtoto wa kwanza, amepasuliwa alfajiri. Vipimo vyake vilikuwa vizuri. Aliniuliza kama mtoto wake ana nywele nyingi au ni macho yake tu ya kazi. Kisha nilikaa mezani nikapika saa tano na saa sita kwa wagonjwa wanane waliopasuliwa. Kwa Msusi niliongeza mstari chini: anaendelea vizuri, hana malalamiko.

Viza aliahidi kunichungia wodi, lakini sijafika stoo wakamwita apeleke mgonjwa mwingine chumba cha upasuaji, na huko akang'ang'aniwa. Wodi ikabaki na Mama Pole na dekio lake. Nilipokuwa napita nilimtania kwamba atakayenigongea mlango leo awe amekuja na habari za kiyama. Akacheka, akaniambia niende nikawajibu hao watu wa simu, na nikifika huko nisisahau kumtumia sabuni isiyouma.

Nilitoka saa sita na robo. Mama Pole alikuwa juu ya kitanda cha tisa, amepiga magoti, ameushika uso wa Msusi kwa mikono miwili na anamwita kwa sauti kubwa asilale. Kando yake alisimama mama mkwe wa Msusi, aliyekuja na chakula cha mchana, bado amekishikilia. Niliinua shuka. Sitakuandikia nilichokiona, wewe umefua mashuka hayo, unajua. Walimrudisha upasuaji. Aliishi, Mama, Mungu mkubwa. Lakini kizazi kilitolewa.

Mama mkwe alilalamika. Alisema alifika akakuta wodi haina nesi hata mmoja, ila mfagiaji amepanda kitandani. Wiki mbili baadaye tuliitwa mbele ya kamati, watu watatu na chupa zao za maji. Viza alikuwa ameshatutengenezea maneno: yeye alikuwa upasuaji, ambayo ni kweli, na mimi nilikuwa nimekwenda maabara kufuatilia damu. Nilitikisa kichwa, ndiyo, maabara. Mama Pole akasema aliona hali ya binti inabadilika tangu saa tano, na kwamba aligonga mlango wa stoo ya mashuka mara mbili. Wakamuuliza stoo alimtaka nani, mito? Kisha wakafungua chati yangu. Saa tano, presha nzuri. Saa sita, presha nzuri, mapigo mazuri, hana malalamiko. Daktari mmoja alimuuliza kama anajua kusoma. Akajibu anajua kidogo, ila damu haihitaji kusomwa. Hawakulipenda jibu hilo.

Wakaamua kwamba hali ilibadilika ghafla baada ya saa sita, kwamba mhudumu aliona na hakuita mtu, na sasa anaongeza saa ili kujiosha. Alipewa barua ya kuachishwa kazi wiki ileile. Kuhusu mimi, mwenyekiti alisema chati zikiandikwa namna ile zote, hospitali ingekuwa mbali. Metroni alitoa kivuli cha chati hiyo akakibandika kwenye chumba cha chai, kuwafundishia wanafunzi. Ninapokunywa chai ninaiona. Namba zangu zinapumua pale ukutani.

Siku ya tatu baada ya barua hiyo yakaja majibu ya usaili: nimepita, tena kwa alama za juu. Ndiyo siku uliyopiga vigelegele kwenye simu mpaka Baba mdogo akadhani kuna msiba.

Wiki ya sita baada ya kujifungua Msusi alirudi kliniki na mtoto mgongoni. Alikuwa amesikia nasafiri. Akasema hawezi kuniacha niende ugenini na kichwa kama kile, atanisuka bure, kwa sababu watu wamemwambia nesi wa zamu yake alimpima kila saa bila kukosa, na bila hivyo leo asingekuwepo. Mtu mwenye haya angekataa. Mimi nilikaa, Mama. Nilikaa chini kwenye kibao, kichwa changu katikati ya magoti yake, saa tatu nzima, mtoto amelala pembeni kwenye kanga. Alikuwa ananisuka na kunisimulia kwamba mumewe alilia habari ya kizazi kuliko yeye, na kwamba Mungu akikupa mmoja na uhai wa kumlea, huombi risiti. Vidole vyake ni vyepesi, havivuti. Kesho yake nilipiga picha ya pasi na nywele hizo. Jioni nilizifumua zote kwa kitana, nikafungia nywele za bandia kwenye gazeti.

Baada ya hapo nilimwandikia Metroni maelezo: kwamba vipimo vya saa tano na saa sita sikuvipima, nilivipika. Aliyasoma amesimama. Hakushtuka hata kidogo. Aliniambia kwa upole, na upole huo ndio ulionitisha, kwamba hakuna asiyepika, kwamba nikifungua sufuria langu yatafunguliwa ya wote, wanne waliobaki watasimamishwa, na wazazi wote wa wilaya hii watazalia sakafuni. Je, hiyo ndiyo huruma yangu? Akasema mfagiaji atapatikana mwingine kesho, muuguzi hapatikani. Akanikunjia karatasi yangu akanirudishia, akanishauri nikapumzike na niende zangu. Juu ya meza yake, chini ya miwani, ilikuwepo bahasha ya Wakala. Metroni naye, na miaka yake hamsini na miwili.

Nikaenda kwa Mama Pole. Anakaa chumba kimoja nyuma ya mashine ya kusaga, kila kitu kina vumbi la unga, hata kope zake. Nilibeba sukari na sabuni kama mtu anayekwenda kuhani. Alinikaribisha, akafuta kigoda kwa upande wa kanga yake. Hakunisimanga. Alisema anafua nguo za watu siku hizi, na kwamba kinachomuuma si kazi. Ni kwamba mjukuu wake amesikia shuleni bibi yake alimtazama mtu akivuja damu akanyamaza. Kisha akaniuliza swali moja tu. Aliniuliza kama siku ile nilimsikia.

Nilimwambia sikumsikia. Nilimwambia simu ilikuwa masikioni.

Akasema basi, alhamdulillahi, maana alikuwa anakosa usingizi akidhani nilimsikia.

Sasa nisikilize wewe, Mama, kwa sababu haya sijamwambia mtu yeyote uso kwa uso.

Nilimsikia. Mara ya kwanza aligonga kwa vifundo vya vidole, saa tano na dakika nane. Najua kwa sababu saa ya simu ilikuwa mbele ya macho yangu. Akasema kupitia mlangoni, taratibu, kama anayeogopa kunikatiza: nesi, yule wa tisa anapiga miayo, anaomba maji, na mikono yake imekuwa ya baridi. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akisikia maneno hayo anaacha sahani anakimbia. Huyo ni mtu anayevuja damu ndani. Nilijua. Si kwamba nilishuku, nilijua. Lakini wakati huohuo wale watatu kwenye simu walikuwa wameniuliza niwasimulie siku moja nilipotambua kwamba hali ya mgonjwa inabadilika, na nilichofanya. Nilikuwa sina cha kusema. Nilikuwa nimekwama, nafungua mdomo kama samaki.

Nikawasimulia kuhusu mama kijana aliyepasuliwa. Nikawaambia alikuwa anapiga miayo, anaomba maji, mikono yake imekuwa ya baridi. Mama, nilichukua maneno ya Mama Pole mlangoni yakiwa bado ya moto, nikayatafsiri, nikawapa. Niliwaeleza jinsi nilivyoinua shuka, nilivyoita daktari, nilivyomshika mkono mpaka akafungua macho. Mwanamke mmoja kati yao alivua miwani akajifuta. Mama Pole aligonga mara ya pili, kwa kiganja kizima, na akaniita. Nikanyanyuka, huku natabasamu kwenye simu, nikasogeza kapu la mashuka machafu likaegemea mlango. Kisha nikaketi tena nikawauliza kama wana swali jingine.

Wanayo kumbukumbu ya usaili huo. Kwenye ripoti waliyonitumia, jibu hilo wameliandika ni mfano wa umakini wa hali ya juu.

Najichukia kwa namna ambayo haina faida kwa mtu. Hata barua hii naishuku. Nimeisoma nilipofika hapa nikaona inasimulia vizuri, na nikataka kuichana, kwa sababu najua sasa kwamba naweza kusimulia vizuri huku mtu anakufa upande wa pili wa mbao.

Kwa hiyo leo sikusubiri moyo wangu uwe safi. Asubuhi nilikwenda ofisi ya Baraza la Wauguzi, wanakotoa cheti cha mwenendo mwema ambacho bila hicho hakuna safari. Karani alidhani nimefuata cheti, akanipongeza. Nilimpa maelezo ya kurasa tano: vipimo, maabara ambayo sikwenda, stoo, mlango, kapu, dakika kwa dakika. Wenzangu sikuwataja kwa upishi wao. Wana midomo yao. Aliyapokea, akayapiga muhuri, akanipa nakala. Nikamuuliza sasa itakuwaje. Akasema nitaitwa, Mama Pole ataitwa, Msusi ataitwa, na leseni yangu huenda isirudi. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama nimegombana na mtu. Nakala nyingine nimeiacha kwa mwenyekiti wa kamati. Naendelea na zamu mpaka watakaponizuia, na siku hizi sipiki. Ninapowafikia ninawapima, nisipowafikia naacha nafasi tupu. Chati zangu zimejaa matundu na Metroni hanisemeshi.

Safari haipo, Mama. Najua ulichokibeba mgongoni ili mimi nifike hapa, na najua wanawake wa kikundi watakavyokutazama. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie kabisa, usinipunguzie. Ila usiniombee wanisamehe haraka. Kilicho mbele yangu si Baraza. Kesho nikitoka zamu nitakwenda tena nyuma ya mashine ya kusaga, nitaketi kwenye kigoda kile, na nitamjibu Mama Pole swali lake. Atakosa usingizi tena, na safari hii ni haki yake kujua kwa nini.

Msalimie Baba mdogo, na Kaka, na Shangazi wa sandukuni. Kama utawasomea barua hii au utaificha, uamuzi ni wako. Mimi nimechoka kuamua watu wajue nini. Goti lifunge vizuri, kuna baridi.

Wasalaam,
Kitinda mimba wako